Naomba ushauri: bibi anaogopa ustawi wa jamii watamchukua mjukuu

Wakuu, habari za jioni. Najitolea kwenye kikundi kidogo cha kusaidia watoto hapa Mwanza. Kuna bibi anaishi na wajukuu watatu huko juu kwenye mawe. Mkubwa, miaka 11, ameacha shule, anaokota vyuma chakavu. Juzi nilimkuta amekalia kiroba chake, anakula ukoko wa ugali wa jana, mguuni ana kidonda amekifunga kwa kipande cha kanga. Leo asubuhi nimempeleka zahanati, kimesafishwa.

Nimemwomba bibi twende kwa afisa ustawi wa jamii. Kakataa katakata: "Mtaninyang'anya." Najua Sheria ya Mtoto ya 2009 inatutaka wanajamii tutoe taarifa haki za mtoto zinapovunjwa, na kupiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Lakini nikipiga kimyakimya, mlango ule hautafunguka tena, na wale wadogo wawili nitawafikiaje?

Mliowahi kufanya kazi hii, mlimtulizaje mlezi? Nimtangulize mwenyekiti wa mtaa, au nimwombe afisa aje nyumbani kama mgeni wangu? Bibi anawapenda wale watoto, nimeona kwa macho yangu. Nisaidieni, Jumatatu narudi kwake.