Naomba ushauri: nampeleka mama kutembea Dodoma, tukitokea Mafinga

Habari zenu wana jukwaa. Mama yangu amesikiliza Bunge redioni tangu nikiwa mdogo, na sasa anataka kuliona kwa macho yake kabla miguu haijamshinda kabisa. Nataka nimpeleke mwezi wa tano, wakati wa Bunge la Bajeti, tupite Iringa na barabara ya Mtera ili alione na lile bwawa.

Waliowahi kuingia kama wageni, utaratibu ukoje? Mnaomba kupitia ofisi ya mbunge wenu au mnaandika barua wenyewe? Na je, mzee anayetembelea fimbo atapandishwa ngazi nyingi hadi jukwaa la wageni? Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Siku ya pili nawaza Nyerere Square, Msikiti wa Gaddafi na mashamba ya zabibu ya Hombolo. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, naitamani sana, ila naona kile kilima kitamtesa. Au kuna aliyekwenda na mzazi?

Naomba pia mnitajie gesti tulivu, ya chini, isiyo mbali na katikati ya mji. Sisi wa baridi jua la Dodoma hatulimudu.