Vyuo vitatu, Koha moja: tuunganishe databesi au kila mtu abaki na yake?

Mkutubi_Mdogo

Habari za jioni wadau. Naomba mawazo yenu maana nimetupiwa kazi ambayo naiona kabisa imezidi cheo changu. Huku mkoani kwetu tuna vyuo vitatu, wakuu wa vyuo wamekaa wakakubaliana maktaba zitumie mfumo mmoja ili gharama zipungue na mwanafunzi wa hapa aweze kuona kitabu kilichopo kule na kukiazima. Wazo lenyewe sina ugomvi nalo. Ila muhtasari wa kikao umeandikwa mstari mmoja tu, "maktaba zishirikiane mfumo wa Koha" (ile programu ya bure ya kuendeshea maktaba), halafu kazi ikashushwa kwangu.

Hali ilivyo: sisi tunatumia Koha miaka mingi, iko kwenye seva hapa hapa chuoni. Chuo cha pili bado wako na WinISIS, ile programu ya zamani ya UNESCO ya kutunzia katalogi, imekaa kwenye kompyuta moja ya mezani na anayeijua vizuri ni mzee mmoja anayekaribia kustaafu. Cha tatu wana Eksel na madaftari. Kijana wetu wa TEHAMA anasema hakuna jambo, tunaweka databesi moja, kila chuo kinakuwa tawi, kazi imeisha. Bosi wangu hataki kusikia, anasema wenzetu watatuharibia katalogi tuliyoijenga kwa jasho. Na mimi niko katikati.

Nani amewahi kufanya hii kitu? Databesi moja au kila chuo na yake? Na seva ikae wapi?

Seva_Haizimwi

Mkuu kijana wenu yuko sahihi nusu. Koha inaruhusu zote mbili. Njia ya kwanza ndio hiyo anayosema, databesi moja, matawi matatu. Njia ya pili ni kuweka Koha tatu ndani ya seva moja, kwenye Debian (aina ya Linux) unaandika tu amri ya koha-create na jina la chuo, kila kimoja kinapata databesi yake, anuani yake, wasomaji wake, hawaonani kabisa. Seva moja, umeme mmoja, mtu mmoja wa kuitunza, ila nyumba tatu.

Mimi ningeanza na ya pili bila kufikiria mara mbili. Sababu ni kwamba kuunganisha baadaye kunawezekana, lakini kutenganisha databesi iliyokwishachanganyika ni balaa, rekodi moja ina nakala za vyuo vitatu, historia ya kuazima imeingiliana, vyuo vikigombana miaka mitano ijayo nani anabaki na nini?

Ila ujue kitu kimoja ambacho watu huwa hawaambiwi. Hata ukiwa na Koha tatu kwenye seva moja, toleo ni moja. Ukipandisha toleo umepandisha kwa wote, siku hiyo hiyo. Koha hutoa toleo kubwa kila miezi sita, Mei na Novemba, kwa hiyo mkubaliane mapema nani anaamua lini, maana chuo kimoja kitakuwa kwenye mitihani wakati kingine kiko likizo.

Bi_Katalogi

Wanangu nimesoma, na mimi sikubaliani na huyo aliyenitangulia. Koha tatu kwenye seva moja huo sio ushirikiano, huo ni kupanga nyumba moja kila mtu na jiko lake. Walichotaka wakuu wa vyuo ni mwanafunzi aone kitabu cha chuo kingine na akiazime. Kwa Koha tatu ataingia kurasa tatu kutafuta kitabu kimoja.

Na hiyo hofu ya bosi wako naielewa lakini haiko kwenye programu, iko kwenye mikono ya watu. Ndani ya Koha kuna vitu viwili ambavyo ni lazima uvitenganishe kichwani: rekodi na nakala. Rekodi ni maelezo ya kitabu, jina, mwandishi, mchapishaji, mada. Hiyo kwenye databesi moja ni ya wote. Nakala ni kile kitabu chenyewe kilichopo rafuni, na kila nakala ina tawi lake, bakodi yake na namba yake ya mgongoni. Kwa hiyo kama nyinyi mnapanga vitabu kwa namba za Dewey na wenzenu kwa namba za Library of Congress hakuna kitakachoharibika, riwaya ya Kiswahili kwenu itakaa 896.392 kwao itakaa PL8704, zote chini ya rekodi moja, lebo hazibadiliki. Watu wengi hudhani wakiunganisha watalazimika kuchapisha lebo upya, si kweli.

Kuna mpangilio wa kufanya matawi yajitegemee, ukiuwasha mfanyakazi wa tawi hili hawezi kugusa nakala wala wasomaji wa tawi lile. Lakini hauzuii kuhariri rekodi. Yeyote mwenye ruhusa ya kukatalogi anaweza kuibadilisha rekodi ya wote. Hapo ndipo bosi wako ana haki ya kuogopa, na dawa yake ni kwamba ruhusa hiyo wasipewe kila mtu, ipewe wakutubi wawili watatu kila chuo ambao wamekaa pamoja wakafundishwa na kukubaliana kanuni za kuandika. Wengine waongeze nakala tu.

Nimeona katalogi ya pamoja (sitaitaja) ambapo mwandishi mmoja kaingizwa kwa namna tatu, jina la ukoo mbele, jina la ukoo nyuma, na herufi za kwanza tu. Mwanafunzi akitafuta anapata theluthi moja ya vitabu anadhani ndio vyote. Na hata hao waliobaki na Koha yao peke yao wanayo hayo hayo, tena mengi, ila hakuna wa kuwaona.

Seva_Haizimwi

Shikamoo Bi. Hapo kwenye kutafuta kurasa tatu kuna njia ya kati. Kila Koha inaweza kutoa rekodi zake kwa OAI-PMH (njia ya kuvuna rekodi kupitia mtandao), halafu unaweka VuFind mbele, ile programu ya kutafutia iliyotoka chuo cha Villanova Marekani, nayo ni ya bure. Inavuna rekodi za Koha zote tatu inatengeneza ukurasa mmoja wa kutafuta. Mwanafunzi anaona katalogi moja, nyuma kila chuo kina databesi yake. Kuombana vitabu mnafanya kwa fomu au baruapepe, kwa vyuo vitatu vya mkoa mmoja inatosha sana.

Bi_Katalogi

Marahaba mwanangu. Sawa, lakini hapo umeongeza programu ya pili ya kutunzwa na mtu yule yule mmoja. Akihama je? Na rekodi zikija tatu tatu za kitabu kimoja kwa sababu zimeandikwa tofauti, kazi ya kuzisafisha iko pale pale, umeisogeza tu.

mwana_wa_Eldy

Salamu kutoka Kenya. Hii stori naijua vizuri. Wengi hudhani kwa sababu tumezoea kushirikiana kwa KLISC, konsotia (muungano) ya maktaba zetu, na nyinyi huko TZ mko na yenu ya COTUL, basi kushirikiana mfumo ni kitu sawa. Si sawa. Kwa konsotia mnachanga pesa mnalipia majarida ya mtandaoni, kila mtu anaendelea na kazi yake ofisini kama kawaida. Mfumo unaingia mpaka kaunta, mpaka faini, mpaka nani anaandika nini. Hapo ndio watu huanza kununa.

Mimi niko upande wa databesi moja lakini msiingie wote siku moja. Kuna muungano wa maktaba za vyuo huko Marekani, Orbis Cascade Alliance, Oregon na Washington na Idaho. Taasisi 37 zilihamia mfumo mmoja kuanzia 2013, lakini ziligawanywa mafungu manne, fungu moja likishaingia ndio linafuata lingine. Nyinyi ni watatu, ingieni wawili kwanza. Afrika Kusini pia ukitaka mfano wa karibu kuna SEALS, muungano wa maktaba za Rhodes na Fort Hare na Walter Sisulu na Nelson Mandela, vyuo vyenye uwezo tofauti kabisa vimekaa kwa mfumo mmoja.

Swali langu kwako ni bakodi. Mmeangalia? Kwa sababu Koha haikubali bakodi mbili zifanane ndani ya databesi moja, hata kama ni matawi tofauti. Na karibu kila maktaba ilianza na 00001. Hivyo hivyo namba za kadi za wasomaji.

Mkutubi_Mdogo

Aisee asanteni sana, na shikamoo Bi Katalogi. Hilo la bakodi halikuwa kichwani kabisa, nimeenda kuangalia asubuhi hii na ndio kama ulivyosema kaka, sisi tulianza 00001, na wale wa Eksel pia wamebandika 00001 kwenye vitabu kama nusu hivi. Sasa tunabandika upya vitabu vyote?

Halafu wale wa WinISIS wanaogopa data yao itapotea. Na jambo la seva bado hamjanijibu, mkuu wetu mmoja anataka tulipie seva ya nje Ulaya huko anasema ndio ya uhakika.

mwana_wa_Eldy

Si lazima mbandike upya. Anayekuja na stika chache ndiye anabadilisha. Nyinyi bakini na zenu, wale wa Eksel nusu ambayo haijabandikwa waweke herufi mbili za chuo mbele ya namba, na ile nusu iliyobandikwa wachapishe tena, ni kazi ya wanafunzi wa field mkiwapanga vizuri. Wengine hujaribu kuongeza herufi ndani ya databesi tu bila kugusa kitabu, lakini hapo skana itasoma namba ya zamani, mtu wa kaunta anaskani kitabu cha kwao mfumo unamfungulia kitabu chenu.

Seva_Haizimwi

WinISIS haipotezi kitu. Inatoa faili la ISO 2709 (muundo wa kubadilishana rekodi), na MARC, ule mtindo wa rekodi ambao Koha inatumia, nayo inasafiri kwa muundo huo huo, kwa hiyo watu hufurahi wanaliingiza moja kwa moja Koha halafu wanashangaa jina la kitabu limekaa kwenye mchapishaji. Sababu ni kwamba kwenye ISIS kila maktaba ilijipangia namba za fildi (visehemu vya rekodi) ilivyopenda. Mkalie chini huyo mzee KABLA hajastaafu, awaandikie kila fildi ina nini, hiyo karatasi moja ina thamani kuliko seva. Ukishakuwa nayo unapitisha kwenye programu ya MarcEdit unabadilisha namba, unaingiza kidogo kidogo, unalinganisha kwa ISBN, ile namba ya kimataifa ya kitabu. Vitabu vya zamani na tasnifu hazina ISBN, hizo macho ya binadamu tu.

Kuhusu Ulaya hapana. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, nchi nzima ilikuwa inahangaika? Maktaba yenye seva nje siku ile kaunta imekufa. Ulizeni TERNET, ule mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti nchini, kama wanaweza kuwahifadhia, au muweke kwenye chuo chenye jenereta la kweli, na bakapu ikae chuo kingine kila usiku. Koha inajitengenezea bakapu yenyewe kila siku ila inaiweka kwenye seva ile ile, seva ikiungua imeungua na bakapu yake, kwa hiyo lazima mtu aihamishe.

kalamu_na_hesabu

Mimi sio mkutubi, ni mhasibu wa chuo (kingine) nimepita tu. Naona mnaongelea rekodi na bakodi lakini nani analipa? Koha ni ya bure sawa, mtu wa kuitunza sio bure, umeme sio bure. Mkigawana sawa kwa tatu chuo kidogo kitakuwa kinalipia kikubwa, mkigawana kwa idadi ya wanafunzi kikubwa kitadai kura nyingi zaidi. Andikeni kabisa, na muandike chuo kikijitoa kinaondoka na nini. Faini nazo, kitabu cha chuo B kikicheleweshwa na mwanafunzi wa chuo A hela inaingia akaunti gani? Hili tu linaweza kuvunja ndoa.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Majina na namba za simu za wanafunzi wa vyuo vitatu kwenye seva ya chuo kimoja, mwanasheria wenu ameona?

Mkutubi_Mdogo

Mwanasheria hajaona kitu, hata hajui kama kuna mradi.

Bi_Katalogi

Faini ni rahisi kuliko unavyodhani mhasibu. Kwenye Koha kanuni za kuazimisha zinapangwa kwa tawi, kwa kundi la wasomaji na kwa aina ya kitabu. Kwa hiyo anayeazima kutoka chuo kingine mnaweza kumpa vitabu viwili tu, siku saba, na vile vya rejea asiguse. Wengine mwaka wa kwanza hawatozi faini kabisa kati ya vyuo, wanamfungia tu msomaji kuazima mpaka arudishe, hakuna hela hakuna ugomvi. Kumbuka tu kuna mpangilio unaosema kanuni ifuatwe ni ya tawi lipi, la kitabu, la msomaji au la kaunta anapoazimia. Mkiuacha bila kuuangalia mtashangaa kwanini kanuni mlizoandika hazifanyi kazi.

Wewe mwanangu usiende kwa bosi na hoja ya databesi moja au tatu. Nenda na rekodi mia moja za kila chuo, za vitabu vile vile, mzichapishe mziweke mezani wakutubi wa vyuo vyote wazione pamoja. Wakikubaliana jinsi ya kuziandika ndani ya wiki mbili, weka databesi moja. Wakishindwa, fanya kama anavyosema huyo kijana wa seva, Koha tatu na VuFind mbele, mjaribu tena mwakani.

Seva_Haizimwi

Hapo naunga mkono. Ila Bi hizo mia moja zisiwe za vitabu vyenye ISBN tu, hizo kila mtu amevuta kutoka Library of Congress zitafanana. Weka tasnifu, ripoti za serikali, na vitabu vya Kiswahili vya zamani.

Mkutubi_Mdogo

Nimeelewa. Jumatatu naomba gari niende kwa yule mzee wa WinISIS kwanza, hayo mengine yatafuata. Seva_Haizimwi nikipata faili naweza kukutumia inboksi rekodi kidogo uangalie fildi? Nitaondoa taarifa za wasomaji.

Seva_Haizimwi

Tuma. Na umwambie atoe na ile faili ya FDT, ndio yenye majina ya fildi, wengi huwa wanaisahau.