Corolla 100 manyuo, taa za rivasi zimegoma zote mbili, msaada wakuu

Kuchele_87:
Wakuu habari za jioni, naomba msaada kabla sijaliwa hela. Nina Corolla AE100, manyuo, nimeinunua kwa mtu hapa hapa Mtwara mwaka juzi, gari ngumu haisumbui ila sasa taa za rivasi haziwaki, zote mbili. Zimekufa lini sijui maana ukiwa ndani huoni mpaka uambiwe, mimi nimejua juzi usiku narudi nyuma nyumbani Shangani nikakanyaga ndoo ya wife na mpaka leo sijasamehewa. Nimebadilisha balbu zote mbili, holaa. Fyuzi nimechomoa nimeitazama, nzima. Fundi mmoja kaiangalia dakika tano akasema waya zimechoka zote, nimpe elfu themanini avute waya mpya toka mbele hadi nyuma na aniwekee kaswichi kwenye dashibodi, nikitaka kurudi nyuma nakawasha mwenyewe. Roho inasita. Hivi kweli gari ya Mjapani inaishia kuwekewa kaswichi kama ka taa ya chooni?

Mchinga_Moja:
Weka tu kaka, mimi ninako mwaka wa tatu huu na maisha yanaenda

binti_Mikindani:
Kumbe ni nyie!! Mnatoka Mnazi Mmoja hadi Masasi usiku na taa nyeupe zinawaka nyuma, mtu anakufuata anadhani unarudi nyuma anakanyaga breki bure. Halafu trafiki akikusimamisha unajifanya unashangaa.

Mchinga_Moja:
Nilisahau mara moja tu dada, acha makuu 😂

WayaMbili:
@Kuchele_87 usitoe hata mia kwanza. Kwenye manyuo umeme wa rivasi ni mwepesi sana, wenye auto ndio wana lile swichi kubwa linalosoma P, R, N, D yote. Wewe moto unatoka kwenye fyuzi, unakwenda mbele kwenye kaswichi kamefungwa kwenye giaboksi kama boliti, kana waya mbili tu. Ukiingiza rivasi mle ndani kuna kipini kinasukumwa, moto unavuka unaenda nyuma kwenye balbu, balbu zinamalizia kwenye bodi. Basi, hakuna mchawi.

Sasa fyuzi, usiiamini kwa macho. Toyota nyingi za umri huo rivasi inakula fyuzi moja na geji za dashibodi, imeandikwa GAUGE kwenye mfuniko, kwa hiyo ukiweka funguo on mshale wa mafuta ukapanda na geji nyingine zikaamka basi fyuzi achana nayo. Kama mshale nao umekufa pamoja na rivasi, basi jibu ni fyuzi hiyo.

Kama ziko hai, toa betri na trei yake uangalie juu ya giaboksi utaiona swichi na plagi yake imejaa vumbi. Ukishaiona rudisha betri au iunge kwa pembeni maana bila moto hupimi kitu. Hendibreki vuta, funguo on, injini USIWASHE. Chomoa ile plagi, chukua kipande cha waya kifupi, unganisha matundu mawili ya upande wa gari, sio ya upande wa swichi. Gari iwe imeegeshwa kitako kikitazama ukuta, jioni hivi, huna haja ya mtu wa kukuambia zimewaka. Zikiwaka, swichi imekufa, unanunua swichi tu. Zisipowaka, chukua testa pima matundu hayo hayo, moja lazima liwe na moto. Halina? Kosa liko kabla ya swichi. Linao? Waya umekatika kwenda nyuma. Na rangi za waya usizifuate sana, gari imepita mikononi kwa mafundi wangapi hujui.

Halafu huyo anayetaka kuvuta waya mpya muulize ni waya gani. Balbu za rivasi ni wati 21 kila moja, mbili ni 42, kwa volti 12 hiyo ni ampia 3 na nusu. Nimeshafungua gari za watu nikakuta wamevuta kwa waya wa spika, tena bila fyuzi, unapita chini ya kapeti unachemka taratibu.

Kuchele_87:
Ubarikiwe sana mkuu. Leo Jumapili nimeshinda nayo, geji zote hai, swichi nimeiona, nimeunganisha kile kipande cha waya nikakimbia nyuma kama mtoto, giza. Nikapima, tundu moja lina moto safi. Kwa hiyo kwenda nyuma ndio kuna shida si ndio? Nianzie wapi sasa maana waya unapita gari zima

WayaMbili:
Anzia nyuma rudi mbele. Buti kwanza.

Kusini4x4:
Swali la kizushi, umewahi kubeba korosho kwenye hiyo gari?

Kuchele_87:
Mkuu umejuaje?? Msimu uliopita nilibeba magunia mawili ya mzee toka Nanyamba nipeleke chama cha msingi, mvua ikanikamata, yakalala kwenye buti siku mbili

Kusini4x4:
Panya huyo. Ng'oa kapeti lote la buti na kiti cha nyuma. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, tena mimi waya uliochubuka ulikuwa unagusa bodi, kila nikiingiza rivasi fyuzi inakatika na mshale wa mafuta unalala, nikawa natembea sijui nina mafuta kiasi gani. Na ukishaunga usisahau ethi za taa, pale waya wa taa unapofungwa kwa boliti kwenye bodi, sie wa huku pwani chumvi inakula kila kitu, mimi niliingia Msimbati ufukweni mara mbili tu gari ikaanza kupiga indiketa ukikanyaga breki.

Kuchele_87:
Mrejesho wakuu. Nimetoa kiti cha nyuma, chini ya kapeti upande wa kulia nimekuta maganda ya korosho, vipande vya godoro, na kifurushi cha waya kimetafunwa kama muwa. Waya mmoja umekatika kabisa, wa pili umebaki shaba tupu. Nimechubua, nikapiga risasi ya kuchomelea waya, nikafunga tepu kila mmoja wake. Nikaweka rivasi, ya kulia ikawaka kali, ya kushoto ikawa njano njano kama koroboi, nikakumbuka maneno ya Kusini4x4, nikafungua boliti ya ethi nikakuta unga wa kijani, nikapiga msasa mpaka bati likang'aa, nikapaka grisi kidogo. Zote kali. Risasi buku mbili, tepu buku.

Jana usiku nimerudi nyuma getini naona mpaka kuku wa jirani wamelala juu ya tofali. Ndoo mpya ya wife nimenunua na iko pale pale njiani, hajaisogeza.

binti_Mikindani:
Hiyo haisogezwi kaka, hiyo ni kipimo 😂

Mchinga_Moja:
@WayaMbili hiyo swichi ya kwenye giaboksi ukiifungua oili haimwagiki? nauliza tu

WayaMbili:
Kwenye hiyo Corolla iko juu, halitoki hata tone. Yako gari gani?