Mrejesho: binti yangu na mrija wa kupumulia majini

Niliuliza nimfundisheje binti yangu wa miaka 7 kupumua kwa mrija kabla hatujashuka pwani, Watamu, Desemba. Asanteni jamani. Tulianzia kwenye beseni hapa nyumbani Umoja, kisha bwawani, kwenye kina kifupi. Lile jaribio mlilonipa la kubandika miwani ya majini, ile inayofunika na pua, usoni bila mkanda, mtoto avute hewa kwa pua, ikishika ujue inamtosha? Ilidondoka papo hapo! Nikairudisha dukani, muuzaji akanuna. Mpya imeshika.

Kupuliza maji yatoke mrijani ndiko kulikomliza. Alimeza funda mbili, akagoma wiki nzima. Sasa anapuliza "puu!" kama nyangumi. Jaketi la uokoaji havui, nami simwachi mbali na mkono wangu. Shemeji ananicheka eti naogopa kupita kiasi. Na acheke.