Porositi ya asilimia 41 kutoka logu ya soniki: nimekosea wapi?

Kijana wa Buliisa: Wakubwa, shikamooni. Chuoni tumepewa logu (rekodi ya vipimo vya kisima) ya zoezi, mchanga laini kama ule wa kwetu kando ya Ziwa Albert. Soniki, yaani muda wa sauti kupita mwambani, inasoma maikrosekunde 110 kwa futi. Nimetumia kanuni ya Wyllie ya 1956: 110 toa 55.5 ya jiwe la mchanga, gawa kwa 189 ya maji toa 55.5. Napata porositi, sehemu ya mwamba iliyo matundu, ya 0.41. Densiti kwenye kina kilekile ni gramu 2.13 kwa sentimita ya ujazo, inayonipa kama 0.315. Nimerudia mara nne mpaka simu imezima. Nishike ipi?

Mzee wa Rigi: Marahaba. Hesabu yako ni safi, ila kanuni hiyo hapo si mahali pake. Wyllie anaihesabu sauti kama bodaboda: kipande hiki lami, kile matope, jumlisha muda. Kwenye jiwe lililoshikana inakubali. Mchanga wa kwetu bado mchanga hata kwa umri. Haujakandamizwa, chembe zinagusana kwa ncha tu. Sauti inachelewa kwa ulegevu huo, wewe unadhani yote ni maji. Sheli ya jirani inasoma ngapi? (Mwamba wa matope, si kituo cha petroli!)

Kijana wa Buliisa: 125.

Mzee wa Rigi: Imezidi 100, dalili kuwa haijakandamizwa, basi 125 gawa kwa 100 ni 1.25. Gawa 0.41 yako kwa hiyo: karibu 0.33.

Dada Soniki: Mimi huanza na kanuni ya Raymer, Hunt na Gardner, 1980. Kwa mkato: 0.625 mara 54.5 (110 toa 55.5), gawa kwa 110. Inatoka 0.31, na sheli hujaigusa. Lakini kaliba, kipimo cha upana wa kisima, umeitazama? Niliwahi kugombana na soniki siku nzima, kumbe ukuta wa kisima umemomonyoka na densiti ndiyo iliyokuwa inanidanganya, inapima matope ya kuchimbia. Na kwenye gesi, mchanga kama huo utazipandisha porositi zote mbili, ya soniki na ya densiti.

Kijana wa Buliisa: Kaliba imenyooka, inchi 8.5 juu hadi chini. Gesi hakuna. Basi naandika 0.31, ingawa mwalimu alitupa Wyllie peke yake.

Mzee wa Rigi: Ile 0.41 usiifute. Iandike, halafu umwonyeshe mwalimu kipimo cha sheli.