Ushauri: dereva anaungurumisha semi nusu saa kila asubuhi, na sasa tabo imekufa

MbaoZaKusini

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wenu, hasa mafundi wa dizeli na madereva wa masafa.

Nina semi moja, injini ya silinda 6, lita 12. Inashusha mbao Dar kutoka Njombe na inarudi na saruji. Dereva ni mtu mwaminifu, sitaki kumwonea. Ila akiwa Njombe asubuhi anawasha gari na kuliacha linaunguruma nusu saa nzima ndipo aondoke, anasema kwa baridi ya huku bila hivyo injini inakufa. Akilala njiani, mara nyingi hazimi mpaka kunakucha. Halafu kuna safari nilipanda naye: tumemaliza kupanda mlima Kitonga na mzigo wa saruji, akaingia pembeni tukale, akazima pale pale.

Sasa tabo (turbo, ile inayosukuma hewa kwenye injini kwa nguvu ya moshi) imekufa, fundi anasema beringi zimeliwa. Je, ni kule kuunguruma? Na nimpe dereva utaratibu gani ambao hatauona kama ubahili wa tajiri?

FundiNozeli

Pole sana mkuu. Hapo una mambo mawili, na lililoua tabo naona ni lile la Kitonga.

Shafti ya tabo ikiwa kazini inaweza kuzunguka hata mara 100,000 hivi kwa dakika, na haikai juu ya gololi, inaelea kwenye utando mwembamba wa oili. Upande wake mmoja unapigwa na moshi ambao mlimani, gari likiwa limebeba, unafika nyuzi 600 na kuendelea. Oili hiyo hiyo inayolainisha ndiyo inayopoza. Ukizima ghafla, pampu ya oili inasimama lakini joto halijaenda popote. Linatoka kwenye chuma cha upande wa moshi linahamia kwenye beringi, na oili iliyobaki mle inaungua inakuwa kaa gumu. Kwa siku moja huoni kitu. Ikirudiwa kila safari, kaa linaziba njia ya oili na linasaga beringi. Baadaye unaona moshi wa bluu na oili ndani ya paipu za hewa.

Kwa hiyo baada ya kazi nzito, gari likae kwenye sailensi (linaunguruma taratibu limesimama) dakika 3 mpaka 5, bila resi. Kama kilomita za mwisho ameendesha polepole mjini, tabo imeshapoa njiani, dakika moja inatosha.

MbaoZaKusini

Asante fundi. Na ile nusu saa ya asubuhi?

FundiNozeli

Haina faida, na ina hasara. Dizeli bila mzigo inachoma mafuta kidogo sana, hivyo joto linapanda kwa kusuasua. Silinda zikiwa baridi, sehemu ya mafuta haiungui. Nyingine inatoka kama moshi mweupe unaouma macho, nyingine inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Chomoa kijiti cha oili: ukikuta kipimo kimepanda wakati hakuna aliyeongeza, na oili nyepesi inanuka dizeli, usisubiri, mwaga.

Awashe, asikanyage mafuta kwa sekunde za mwanzo kwa sababu oili haijafika juu kwenye tabo. Dakika 3 mpaka 5 zinatosha, na muda huo upepo wa breki unajaa. Kisha aondoke kwa utulivu, gia za chini, asiibane injini mpaka temperecha ikaribie nyuzi 80. Injini inapata joto kwa kufanya kazi nyepesi. Tena gia boksi, difu na matairi navyo vinahitaji kupashwa, na hivyo havipati joto gari likiwa limesimama.

MzeeWaFoleni

Vijana, heshima kwenu, lakini sisi tulifundishwa dizeli haizimwi ovyo. Foleni ya mpakani Tunduma unasogea hatua mbili unasimama. Nizime na kuwasha mara ngapi? Stata itadumu?

FundiNozeli

Shikamoo mzee. Kwa foleni inayosogea uko sahihi kabisa, acha liungurume. Ninachokataa ni kulala nalo likiwaka. Na kama hakuna namna, ni lazima likae muda mrefu, basi lipandishwe mpaka mizunguko 1,000 hivi kwa dakika, lisibaki kwenye 600. Joto la silinda linakaa afadhali. Kwa magari mapya yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi ni hatari zaidi, kinajaa haraka.

Mbongo_Minnesota

Naendesha malori huku Marekani. Hiyo desturi ya kutozima ina asili yake kwenye baridi kali. Huku Januari inafika nyuzi 25 chini ya sifuri, dizeli yenyewe inatoa nta na kuziba filta. Hata hivyo siku hizi tunachomeka hita ya umeme kwenye injini, na kabini inapashwa na hita yake ndogo. California hairuhusu lori kusimama linaunguruma zaidi ya dakika 5, isipokuwa kwa sababu maalumu. Njombe ya Juni ni baridi kwa binadamu, lakini si ya kugandisha dizeli.

Hesabu ya haraka: lori kubwa kwenye sailensi linakunywa kama lita 3 kwa saa. Usiku wa saa 10 ni lita 30, na hujasogea hata mita.

KichwaMbele

Dada (nadhani ni dada, kama nimekosea uniwie radhi), mimi ni dereva, naomba nimtetee mwenzangu kidogo. Kabla ya kumpa utaratibu, muulize kwa nini hazimi. Sisi hatupendi kulala na kelele wala moshi. Mara nyingi dereva hazimi kwa sababu betri zimechoka na anaogopa kuomba msukumo saa 10 alfajiri porini. Au upepo unavuja, akizima breki zinajifunga na itamchukua muda mrefu kujaza tena.

MbaoZaKusini

Ni dada, hujakosea. Nimempigia. Ndivyo ilivyo: betri zinamsumbua, na kuna mahali upepo unalia nyuma kwenye trela. Anasema alishamwambia msimamizi. Mimi sikufikishiwa. Betri na huo uvujaji nashughulikia kabla gari halijatoka tena.

Amekubali suala la tabo, ila anauliza: pale juu Kitonga kama injini imechemka kabisa, bado asizime?

KichwaMbele

Kama maji bado yamo na oili inasoma vizuri, asizime. Alishushe kwenye sailensi, feni ivute, mshale urudi. Akizima, maji yanasimama na kichwa cha silinda kinazidi kupata moto. Ila mpira wa maji ukipasuka maji yakaisha, azime mara moja. Asifungue mfuniko wa rejeta, na asimwagie injini maji ya baridi, kichwa kitapasuka. Siku za kawaida, akishamaliza mlima asisimame palepale juu. Aende polepole kuelekea Ilula, akifika kwenye chakula tabo imeshapoa.

FundiNozeli

Dada, jambo moja kabla hujalipa. Tabo mpya inakufa haraka ikifungwa kwenye paipu ya zamani. Ile paipu nyembamba ya oili inayoingia juu ya tabo, ifungue uichungulie: ukiona weusi mgumu ndani, weka mpya, usikubali isafishwe kwa waya. Oili na filta vibadilishwe siku hiyo hiyo. Fundi amimine oili safi kwenye tundu la tabo, azungushe shafti kwa mkono, kisha apige stata bila kuwasha mpaka geji ya oili ipande.

Na mwombe akuonyeshe ile ya zamani. Shika ncha ya shafti kwa vidole. Kucheza kidogo sana kwa pembeni ni kawaida. Ikivutika mbele na nyuma, au mapanga yamekwaruza nyumba yake, kweli imekufa. Isipokuwa hivyo, nirudie hapa na picha kabla hujatoa hela.