Fruit, programu ya chesi ya bure, imeigaragaza CD ya kulipia kwenye Pentium III. Nishangilie?

KeteNyeusi
Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta ya zamani, Pentium III ya MHz 500, RAM MB 128, niliyoiokoa isiuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Kijiweni tunabishana: programu za chesi za ridhaa zinaweza kusimama mbele ya zile za waandishi wa kulipwa, mashine yenyewe ikiwa kobe?

Nikazipambanisha usiku, dakika 5 kila upande. Fruit 2.1 dhidi ya programu ya kulipia ya mwaka 1999, ile ya kwenye CD. Fruit 7, CD 1. Ila mechi tano CD iliishiwa muda, na moja kati ya hizo ilikuwa na farasi mzima zaidi! Taa ya diski iliwaka muda wote.

MtotoWaE4
Shusha Stockfish mpya, nayo ni programu ya chesi ya bure, ubishi uishe.

KeteNyeusi
Haifunguki, mkuu.

FundiRedio
Haiwezi kufunguka. Stockfish za sasa hutolewa kwa prosesa za biti 64, na mzee wako ni wa biti 32. Tuyaache hayo. Hash, ile kumbukumbu ya kutunzia mahesabu, umezipa kiasi gani? Na umezima ile ya kufikiri kwenye zamu ya mwenzake?

KeteNyeusi
MB 64 kila moja, nilitaka ziwe na nguvu. Hiyo ya pili... kumbe inazimwa?

FundiRedio
😂 64 na 64 ni 128. Windows ikae wapi, barazani? Kumbukumbu imehamia kwenye diski, ndiyo hiyo taa yako. Halafu prosesa ni moja: asiye na zamu naye anafikiri, anamla mwenzake nusu ya kasi huku saa inamhesabia yeye. Weka 16 kwa 16, zima hiyo kitu, ongeza muda ufike dakika 15. Kila ufunguzi uchezwe mara mbili, rangi zikibadilishana.

Ridhaa usiidharau. Fruit ni kazi ya Mfaransa mmoja, Fabien Letouzey, na mwaka 2005 ilishika nafasi ya pili ubingwa wa dunia wa kompyuta kule Reykjavik. Lakini wa kulipwa nao walijua kubana matumizi. Richard Lang aliandika kwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na ya prosesa yenyewe, akihesabu kila amri ya prosesa, na ChessGenius yake ikamtoa mashindanoni bingwa wa dunia Kasparov kule London mwaka 1994 ikiwa kwenye Pentium ya kawaida. HIARCS, programu nyingine ya kulipia, nayo ilibeba kombe Buenos Aires mwaka 2009 ikiwa ndani ya simu, pointi 9.5 kati ya 10, ikipekua chini ya mikao 20,000 ya kete kwa sekunde. Deep Blue, kompyuta kubwa ya chesi ya IBM, ilikuwa inapekua milioni 200.

KeteNyeusi
Mrejesho baada ya siku tatu. Taa imetulia, hakuna aliyeishiwa muda. Fruit 4, CD 2, sare 2. Kijiweni sasa wanasema mechi nane hazitoshi. Ni walewale waliozikubali nane za kwanza bila swali.